Damu ya Christian Yakataa Safari

Tangu mumewe atolewe kidole tumbo, Elida hakutulia. Alikwenda dirishani, akarudi kitandani, akamgusa Christian paji la uso, akatoka tena barazani. Walikimbia vita Kongo, wakavuka ziwa pamoja na watoto na mama mkwe, Bibi Agnesi. Tumbo lilianza kumkata Christian wakiwa majini. Walipoteremka Kigoma hakuweza hata kunyooka, akapelekwa hospitali akapasuliwa.

Sasa malori ya kuwapeleka wakimbizi kambini Lugufu yalikuwa tayari.

"Mimi niko muzima," Christian alisema, akijikaza kuketi. "Twende. Watoto wakitutangulia, tutawapata wapi?"

Daktari Gervasi, aliyempasua, alimwita Elida pembeni. Majibu ya damu yalikuwa yametoka.

"Mama, mtu akipasuliwa, chembe nyeupe za damu hupanda, kisha hushuka. Za mumeo zilishuka vizuri. Leo zimepanda kuliko mwanzo. Nahofia kuna usaha ndani."

"Mbona kidonda kimekauka? Homa yenyewe ndogo."

"Kwa nje, ndiyo. Nataka kumfungua tena."

Elida akakimbilia uwanjani kwenye malori. Bibi Agnesi alikwishapanda lori na watoto, injini inanguruma.

"Mume wako yuko wapi? Pandeni!"

"Mama, haendi. Damu yake inaonyesha hajapona."

"Damu! Mwanangu mwenyewe anasemaje?"

Elida alivua kitenge cha juu akamfunika mtoto mdogo, akamwambia amtii bibi. Lori likaondoka. Alilifuata mpaka vumbi likamziba macho, kisha akageuka, mbio, kurudi hospitalini.

"Umeacha watoto wangu," Christian alisema, akageukia ukutani.

"Wako na mama yako. Nikikupoteza wewe njiani, nitawaambia nini?"

Hata hivyo Christian alikubali kuingizwa chumba cha upasuaji. Elida akabaki akizunguka bustani ya maua iliyokuwa uani, akisali, hadi daktari alipotoka. Usaha ulikuwa umejificha chini kabisa ya tumbo. Wakautoa wote.

Chembe zilishuka, safari hii hazikupanda tena. Christian alipoweza kutembea, walipewa nafasi katika lori lingine. Kambini waliulizia hema kwa hema mpaka wakamwona Bibi Agnesi akipepeta unga. Alimkumbatia mwanawe, akalia. Kisha akamvuta na Elida.

Mtoto mdogo alijificha nyuma ya bibi yake. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama ndipo alipokubali kupakatwa na mama.