Feni ya Siku Tatu za Mwisho

Siku ya kumi na saba tangu mayai ya mteja wake Minza yaingie kwenye mashine ya kutotolesha, Veneranda aliyamulika kwa tochi, moja baada ya jingine, akatoa manne yaliyokuwa maangavu kama maji, bila kifaranga ndani. Yalibaki thelathini na manne. Kesho yake alitakiwa kupandisha unyevu ndani ya mashine, kwa sababu siku tatu za mwisho yai linataka hewa nzito yenye maji. Bila hivyo utando wa ndani hukauka na kifaranga hushindwa kutoka. Ni unyevu huohuo uliomwaibisha mwezi uliopita.

Veneranda ni mzaliwa wa Iringa. Alisomea umeme chuo cha ufundi, akaolewa Mbeya, ndoa ikavunjika, naye akabaki Ilomba akitengeneza mashine za kutotolesha vifaranga kutoka kwenye friji mbovu. Anazijua vizuri. Ndani ya kila moja kuna feni inayotembeza joto. Ikisimama, trei ya juu inaungua na ya chini inapoa. Kwa hiyo aliiwekea feni sensa ya mwanga, inayomulika mabawa na kuhesabu kila linapopita. Mizunguko ikipungua, king'ora kinalia.

Mwezi uliopita, siku ya kumi na tisa, king'ora kililia mara tatu asubuhi moja. Mara zote tatu alifungua mlango na kuikuta feni inazunguka kama kawaida. Ilikuwa Jumapili. Akachomoa waya wa king'ora, akaenda misa. Aliporudi feni ilikuwa imekwama kweli, na vifaranga wa Minza, wengine wameshatoboa ganda, walikuwa wamekufa. Mayai sitini. Alipoichunguza sensa aliona kioo chake kimejaa ukungu, kama miwani ya mtu aliyeinama juu ya sufuria.

Minza, mama wa Kisukuma anayefuga bonde la Usangu, hakugomba. Kuku wake ni uzao wa kuku wa mama yake, walioletwa kwenye tenga familia ilipohama kutoka Shinyanga. Wiki mbili baadaye ugonjwa wa mdondo uliingia bandani na kuwamaliza wote. Alichookoa ni mayai yaliyotagwa kabla, akayaleta Ilomba ndani ya boksi la pumba.

"Mimi sina fundi mwingine," alisema siku ile. "Ningekuwa naye, ningeenda kwake."

Sasa Veneranda alimpigia simu Liberatus, waliyesoma naye darasa moja, fundi mjini Iringa.

"Ile sensa ya sumaku bado unayo?"

"Nilikwambia mwaka jana, Vene. Ukasema gundi na sumaku kwenye feni ni ufundi wa kubandikabandika."

"Nilisema."

"Haya. Naipakia kwenye basi la saa sita."

Jioni aliipokea stendi, imefungwa kwenye gazeti. Hakutaka kuamini maneno ya mtu bila kupima, hata ya Liberatus. Alichukua feni mbili, moja yenye sensa ya mwanga, nyingine ya sumaku, akazining'iniza juu ya sufuria ya maharage ya Esnath, jirani yake anayeuza chakula.

"Fundi, leo tunakula feni?" Esnath akauliza.

"Dakika kumi tu, dada."

"Wateja wakikuta skrubu kwenye maharage, utakula wewe."

Dakika ya sita sensa ya mwanga ilianza kuruka namba. Dakika ya nane ilionyesha sifuri, na feni inavuma. Ile ya sumaku haikuyumba. Sumaku inapita mbele yake, inahesabu; mvuke haiuoni. Veneranda alitazama namba zile bila furaha. Dakika nane juu ya maharage, mwezi mmoja mapema, zingetosha.

Alibandika sumaku kwenye kitovu cha feni ya mashine. Feni ikatetemeka, imeelemea upande mmoja. Akabandika ya pili upande wa pili, ikatulia. Akakumbuka kugawa hesabu kwa mbili, maana sasa kila mzunguko ulihesabiwa mara mbili. Viungo vya waya alivipaka vanishi ili maji yasipenye. Siku ya kumi na nane akaweka vitambaa vilivyoloweshwa ndani, unyevu ukapanda hadi asilimia sabini.

Siku ya ishirini, saa saba mchana, king'ora kililia. Veneranda aliacha ugali mkononi mwa Esnath akakimbia. Feni ilikuwa inajikokota, manyoya ya kifaranga wa kwanza yamejiviringisha kwenye mhimili wake. Aliibadilisha kwa dakika nne, kisha akasimama pale hadi jioni, mkono juu ya mlango.

Minza alikuja keshokutwa yake. Wakafungua pamoja. Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wakitembea juu ya maganda. Mayai mengine Veneranda aliyapasua mbele yake, kwa sababu Minza alistahili kuona: vifaranga wengine walikuwa wamekufa wadogo, kabla ya unyevu, labda kwa kudhoofishwa na safari ya boksi, wengine walikuwa wamekamilika, mdomo umeelekezwa kwenye ganda.

"Feni haikusimama safari hii," Veneranda alisema.

"Naona."

Minza aliwapanga kwenye boksi lilelile, akawageuza mmoja mmoja, akitafuta mitetea, ingawa alijua kwamba kwa umri ule hawatambuliki.

"Ukipata mayai mengine, mama, usisumbuke kuja. Nitayafuata mwenyewe Usangu."

Minza alifunika boksi kwa khanga, akaacha upenyo wa hewa.

"Mengine atataga nani, mwanangu?"

Veneranda alitazama boksi. "Hawa. Baada ya miezi sita."

"Wakipona," alisema Minza, akalibeba.