Gauni Jekundu la Kinanda

Kinanda alishona magauni matatu kabla bosi wa kampuni ya muziki hajaamua nani atakuwa mwimbaji wetu wa mbele. Mawili yalikuwa ya buluu, ya waitikiaji. La tatu lilikuwa jekundu, la kiongozi, na alilikata kwa vipimo vyake mwenyewe. Chanda chema huvikwa pete, lakini yeye hakutaka kungoja kuvikwa. Mimi nililiona nikanyamaza. Sauti yangu ni ya kujaza nafasi, sikuwa na la kugombea.

Tulimwita Kinanda kwa sababu sauti yake haikuyumba. Mchana alikuwa fundi cherehani, jioni alitufundisha kuimba, mimi na mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho kwao. Kitinda alikuwa na sauti tamu ila yenye woga. Wimbo ulipopanda, dada yake aliimba sauti ileile chini yake, akimshikilia asiteleze. Wasikilizaji hawakujua. Walimshangilia Kitinda, na wivu ukazidi kumtafuna Kinanda.

"Napika mimi, anasifiwa mpakuaji," aliniambia.

Siku ya kuchaguliwa, bosi alikaa upande wa pili wa kioo cha studio, akatugeuzia mgongo.

"Sura nitaziona kwenye bango," alisema. "Imbeni mara mbili."

Mara ya kwanza tuliimba safi kabisa. Bosi hakutikisika. Kitinda akamgeukia dada yake, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda, na nikaona uso wa Kinanda ukikaza. Tukaanza tena. Tulipofika pale wimbo unapopanda, Kinanda alifunga mdomo. Alimwachia mdogo wake aanguke.

Sauti ya Kitinda ilitetemeka, ikakwaruza. Kisha, kwa kukosa pa kuegemea, ikapanda yenyewe, ikafika mahali ambapo hatukuwahi kuisikia. Bosi akageuza kiti.

"Nani huyo?"

Kitinda akanyoosha kidole kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Wewe utasimama mbele. Mara ya kwanza sikukusikia. Kuna mtu alikuwa anakufunika."

Kinanda alitazama viatu vyake. Miaka yote alidhani yeye ndiye aliyefunikwa.

Jioni tulikuwa chumbani kwake, cherehani dirishani, vitambaa hadi kitandani. Kitinda alivaa gauni jekundu. Lilimpwaya kiunoni na mabegani, na mtu yeyote mwenye macho angejua lilikatwa kwa ajili ya nani. Kitinda hakujua, au hakutaka kujua. Kinanda alipiga magoti nyuma yake, pini mdomoni, akaanza kulibana.

"Dada, pale juu uliniacha."

"Simama wima."

"Niliogopa sana. Halafu nikasema, kama dada ameniachia, basi ameona naweza." Akageuka, akamshika bega. "Asante."

Kinanda akamgeuza tena. Pini zilikuwa bado mdomoni, zikampa kisingizio cha kutosema kweli. Akachukua mkasi, akakata kiunoni kile kitambaa kilichozidi, kile alichokuwa amejiachia mwenyewe.