Mchanga Kwenye Ugali wa Ulezi

Kwenye mashine ya kusaga pale Majengo, nilimsikia mama mmoja akimsimulia mwenzake jinsi alivyomlipiza wifi yake aliyemtukana: alimpikia ugali wa ulezi usiooshwa.

“Kila tonge, meno yanalia kwa mchanga!”

Mwenzake akatua ndoo. “Akajua ni wewe?”

“Thubutu! Alilaumu mashine.”

“Basi hujalipiza, dada. Umepika vibaya tu.”

Marehemu mke wangu angempigia makofi huyo mwenzake. Chuoni tulisoma pamoja hadithi za kale za kutisha, naye alishikilia kwamba kisasi hutimia pale mkosaji anapomtambua anayemlipiza, na hana la kumfanya. Nilipomuudhi, alitia chumvi kwenye chai yangu, akasimama mlangoni akitabasamu mpaka nimwone.

Siku hizi chai ni tamu, na mlangoni hakuna mtu.