Nati Zilizozikwa na Baba

Nati za magurudumu ya gari la baba zimezikwa pamoja naye. Sisemi kwa mafumbo. Ziko Peramiho, juu ya jeneza lake, chini ya udongo mwekundu, na aliyezitupa humo ni mtani wetu, mwanamke wa Kiyao wa Nakapanya ambaye kwa miaka mingi alimuuzia baba korosho na kumtukana kwa haki zote ambazo utani humpa mtu.

Gari lenyewe ni saluni, gari dogo la Kijapani la zamani, rangi ya maziwa, lenye rimu za aloi ambazo vijana wa Songea huziita rimu za spoti. Baba alilitunza kama mtu atunzavyo jicho bovu. Kiti cha mbele kilikuwa cha mapadre, wageni na kofia yake. Mama alikaa nyuma pamoja na magunia ya mahindi, hata siku ambazo mbele hapakuwa na mtu. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyezing'arisha nati kwa majivu na kitambaa, kisha baba akapita akikagua, na asiporidhika alimwita arudie, mbele yetu, kwa sauti ile ile aliyomwitia mbwa.

Kwa hiyo baba alipofariki niliweka nia moja: siku ya misa ya arobaini, mama angekwenda Peramiho katika gari hilo, akiwa amekaa mbele. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka baba arudi, wala sioni aibu kuliandika.

Asubuhi ya mazishi tuliamka nyumbani kwetu Bombambili tukakuta magurudumu yote hayana nati. Mtani alikuwa ameketi juu ya boneti, kofia ya baba kichwani, mguu mmoja ameunyoosha kama baba alivyounyoosha tangu alipopooza.

"Ninyi Wangoni," alisema akipigapiga bati, "babu zenu walikuja na mikuki wakawateka bibi zetu. Mimi nimeteka nati tu, mnalia?"

Waombolezaji walicheka. Ndiyo kazi ya mtani, kuwachekesha watu pale ambapo kilio kimewachosha. Desturi ilitutaka tumbembeleze, tumpe kuku au chochote cha kukomboa, naye angezirudisha huku akitutukana. Lakini kaka yangu mkubwa, aliyefika alfajiri hiyo kutoka Dar es Salaam, hakuwa na subira ya desturi.

"Mama, huu ni wizi," alimwambia mtani mbele ya watu wote. "Rudisha vyuma vya watu kabla sijaita polisi."

Kicheko kilikatika. Kumwita mtani mwizi msibani ni kumwambia kwamba si ndugu tena. Mwanamke yule alishuka taratibu, akaivua kofia, akaiweka juu ya paa la gari.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Nitamrudishia mwenyewe."

Jeneza lilipakiwa kwenye pikapu ya jirani, na sisi tukapanda magari ya watu. Makaburini, jeneza lilipokwisha kuteremshwa, mtani alisogea ukingoni, akafungua fundo la khanga yake na kumwaga.

"Nenda nazo, mzee. Ulizipenda kuliko watu."

Mlio wa vyuma juu ya mbao ulimfanya padre akohoe. Mama hakuinua uso.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mfaranyaki, kwenye maduka ya vipuri. Muuzaji niliyemwendea alikuwa mtu mwembamba mwenye kucheka kabla hajasema.

"Niletee sampuli, dada."

"Sampuli iko kaburini."

Alidhani ninamtania. Nilipomweleza, alicheka hadi akashika kaunta, akamwita mwenzake wa duka la pili aje asikie. "Basi kafukue," alisema akijifuta macho. "Au mwambie marehemu atusomee vipimo kutoka huko." Kisha akanisukumia mfuko wa nati zenye ncha iliyochongoka. "Nati ni nati. Chukua hizi, gari litakwenda."

Nilizichukua kwa kuwa sikujua zaidi ya hapo. Mama alikuwa uani akichambua maharage nilipofunga ya kwanza. Ncha yake iliuma aluminiamu ya rimu na kutoa unyoya mdogo wa chuma, mweupe. Nilipochungulia tundu la rimu niliona kosa: kitako chake kilikuwa bapa, na ubapa huo ulitaka nati yenye shingo iliyonyooka inayoingia ndani ya tundu, pamoja na washa, kipete cha chuma kinachokaa kati ya nati na rimu. Zile zilizochongoka ni za rimu za chuma cha kawaida.

"Hizo siyo," mama alisema bila kuinuka. "Baba yako angekutupia usoni."

Nilirudi dukani. Muuzaji alinipokea kwa kuuliza kama marehemu amejibu. Safari hii nilichagua zenye shingo na washa, zikaingia vizuri, zikakaza hadi mkono ukauma. Lakini gurudumu lilipoinuliwa lilicheza. Shingo ilikuwa ndefu kupita unene wa rimu. Nati iligota ndani na kuniaminisha kwamba imekaza, ilhali rimu haikushikwa na kitu. Nilikaa chini kwenye vumbi. Ningempakia mama humo, gurudumu lingetoka njiani.

"Hizo nazo siyo," mama alisema.

Kaka alituma nyingine kutoka Dar es Salaam, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Zilikataa baada ya mzunguko mmoja kwa sababu nyuzi zake za ndani, zinazong'ata boliti, zilikuwa za kipimo kingine. Nilipompigia simu alicheka kidogo.

"Uza hicho chuma, dada. Nimekwisha kupata mtu wa kukinunua kwa kilo. Au umekosa mume sasa unataka kuolewa na gari la baba?"

Nilimkatia simu. Mama alikuwa amesikia, maana nilikuwa nimefungua spika. Aliendelea kupepeta maharage yake.

Tangu siku hiyo nikawa siingii mtaani bila kuinama. Niliinama kwenye magurudumu ya magari ya walimu wenzangu chuoni, nikipima kwa kidole kina cha matundu, hadi mmoja wao akauliza mbele ya wanachuo kama mama mkufunzi ameangusha hereni. Hatimaye nilisikia habari za gari kama letu Madaba, limekufa na kufanywa banda la kuku. Mwenye nalo aliniruhusu nichukue nati kwa sharti kwamba nizifungue mwenyewe, kisha akaleta kiti na kuwaita majirani waje watazame mwanamke msomi akilala katika mavi ya kuku. Walitazama. Mmoja alinishangilia kila nati ilipolegea.

Zilikuwa zenyewe. Shingo fupi, washa bapa, nyuzi zile zile. Nilizisugua kwa majivu kama mama alivyofanya, nikazifunga kwa mpangilio wa kuvukana, moja kisha ile ya upande wa pili, gurudumu kwa gurudumu, na hakuna lililocheza. Mama alitoka na bakuli lake la maharage, akatazama kwa muda, akarudi ndani. Hakusema kwamba siyo. Nililala nikiwa na furaha.

Asubuhi ya arobaini niliosha gari, nikafungua mlango wa mbele na kutandika khanga mpya kitini. Mama alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, rozari mkononi. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni.

"Karibu mbele, mama."

Hakusogea. "Hujajiuliza nani alimpa mtani spana?"

"Alikuja nayo."

"Spana ya baba yako ilikaa chini ya kitanda chetu. Mtani hajawahi kuingia chumbani mwangu."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Nilimpa mimi, nikamwomba azitupe kaburini. Alikataa, akasema utani nao una mpaka wake, atazirudisha akishapewa kuku. Kisha kaka yako akafungua mdomo."

"Mbona hukuniambia? Umekaa hapa unaniangalia nikihangaika, unaniambia hizi siyo, hizi siyo!"

"Zilikuwa siyo. Ningekudanganya?" Alisogeza rozari mkono wa pili. "Nilikuangalia, ndiyo. Ulichuchumaa pale pale alipochuchumaa yeye kabla hajapooza. Uliigeuza nati kwenye mwanga kama yeye. Hata unavyonuna ikikataa. Nikasema, kumbe nimemzika mmoja, nimebaki na mwingine."

"Nilifanya kwa ajili yako, mama. Ukae mbele."

"Yeye naye alikuwa akisema gari ni kwa ajili yetu."

Alinipita akaelekea barabarani. Nilibaki nimeushika mlango, hadi nilipoona basi dogo la Peramiho likisimama. Dereva, aliyemfahamu mama kutoka kanisani, alimwamkia, akamshusha abiria wa kiume aliyekuwa pembeni yake, na kumfungulia mama mlango wa mbele.

Niliwasha gari, nikafuata. Magurudumu yalikwenda kimya, bila mtikisiko wowote, kama enzi za baba. Kutoka nyuma sikuweza kumwona mama. Niliona tu moshi wa basi na abiria wa siti ya mwisho, ambao walikuwa wamegeuka wakinitazama mimi na kile kiti kitupu chenye khanga mpya.