Jumamosi ya Shosho

Nakumbuka Ijumaa moja jioni kule Njoro, nikiwa kidato cha pili, nimekaa jikoni kwa shosho, nyanya yangu, na kichwa kimenijaa moshi, wala si moshi wa kuni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kusema mambo ya kesho. Mwanangu, sisi tuna "nitaenda" moja tu, nayo imetutosha tangu enzi za mababu. Wenzetu wana "I shall go", wana "I will go", "I am going to go", "I will be going", na nyingine "I will have gone", yaani hujaondoka lakini ushaenda! Halafu eti unaweza kusema pia "I am going tomorrow", kesho ikavaa nguo za leo. Nilichanganyikiwa hadi nikataka kulia, na asubuhi yake, Jumamosi, tulikuwa na mtihani wa hayo hayo.

Shosho alikuwa akichambua maharagwe. Mdogo wake alikuwa mgonjwa Naivasha, na macho ya shosho hayakumruhusu kusafiri peke yake. Kila wiki nilimwambia, "Nitakupeleka, Mungu akipenda." Kwetu hivyo ndivyo kijana anavyokataa kwa adabu, maana nani atabishana na Mungu?

"Unasoma nini inakukunja uso hivyo?" akaniuliza.

Nikamweleza zote, moja baada ya nyingine. Akasikiliza, akazidi kuchanganyikiwa kuliko mimi.

"Na hizo zote ni kesho moja?"

"Ndiyo, shosho."

"Sasa ile utanipeleka nayo Naivasha ni gani?"

Nikashika ile niliyoizoea. "Nitakupeleka, Mungu akipenda."

Akaweka ungo chini. "Mungu alishapenda kitambo. Ni wewe bado."

Yalinichoma hayo, mwanangu. Asubuhi nilivaa sweta ya shule, nikaivua, nikamshika shosho mkono tukaenda. Mdogo wake alikuwa amekonda sana, lakini alimtambua shosho kwa sauti kabla hajavuka mlango. Walishikana mikono wakacheka mambo ya utoto wao ambayo mimi sikuyaelewa. Wiki haikuisha, tukamzika. Shosho aliniambia tu, "Angalau tulionana."

Mtihani nilipata sifuri, na mpaka leo "shall" na "will" hunizungusha. Hayo muulize mwalimu wako.

Lakini jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwa simu kwamba utaenda kumwona, Mungu akipenda. Sauti ile naijua. Ahadi ni deni, mwanangu, na deni lako usimbebeshe Mungu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapa ni la mama. Ukiweza, taja siku, kisha uamke. Usipoweza, sema huwezi, ajue. Baada ya hapo ndipo useme Mungu akipenda, viatu vikiwa tayari miguuni.

Basi nenda salama. Mungu akujalie kesho nyingi, na kila moja ikukute ushashika njia.