Kompyuta ya Wifi Haiendi kwenye Chuma Chakavu

Saa tatu asubuhi, chumba cha mbele kimejaa nyuzi za kila rangi, na katikati yake imelala kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja kama mgonjwa anayesubiri daktari. Daktari mwenyewe amepiga magoti sakafuni, tochi mdomoni, akinung'unikia puani maana mdomo una kazi.

Mtaani wanamwita Mama Waya. Ni fundi wa kompyuta, hasa zile ambazo wenye haraka zao walishazitupa.

"Kipya nikikiona nasinzia," anasema akitoa tochi. "Hakina maneno. Hiki hapa kinanijibu jeuri tangu juzi."

Mwenye kompyuta ni wifi yake, anayedarizi nembo za sare za shule. Kompyuta hii kuukuu ndiyo inayoiambia cherehani ya kudarizi ipite wapi. Cherehani nayo ni ya zamani, inasikiliza kupitia tundu pana la nyuma ambalo kompyuta za leo hazina. Moja ikifa, nyingine inageuka meza ya kuwekea vikombe.

Na imekufa. Kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha kila kitu, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba, zimevuja na kuunguza njia za umeme. Hapo hakuna cha kubembeleza. Ni kubadilisha ubao mzima.

Mume wa wifi, ambaye ni mdogo wake Mama Waya, ameshakata shauri. Amemwita mnunuzi wa chuma chakavu aje leo kuchukua vyote viwili.

"Dada, mwacheni marehemu apumzike," anasema mlangoni, mswaki shavuni.

"Mdogo wangu, wewe mwalimu wa hesabu alikukatia tamaa mapema. Mbona hatukukuuza kwa kilo?"

Wifi anacheka, kisha uso unambadilika. "Hii mashine ndiyo miguu yangu," anasema. "Ikiondoka, narudi kuomba hela ya sabuni. Na wa kuombwa mnamwona alivyosimama."

Mama Waya anafungua mfuko na kutoa ubao wa akiba, wa aina inayokaribiana na ule, alioung'oa kwenye kompyuta iliyofia ofisini kwa mhasibu. Tundu pana lipo. Anahamisha prosesa, ubongo wa kompyuta, anaifuta grisi iliyokauka na kuipaka nyingine, anapachika memori, anakaza skrubu. Anabonyeza kitufe.

Feni inashtuka, inazunguka kidogo, inanyamaza.

Anabonyeza tena. Feni inarudia mchezo uleule.

"Amina," anasema mdogo mtu.

"Piga mswaki."

Anafungua skrubu zote upya. Anauinua ubao, anaupindua, anachungulia chini yake. Kisha anajipiga paji la uso. Kwenye bati la ndani ya kompyuta kumebaki kinguzo kidogo cha shaba kilichokuwa kimebeba ubao wa zamani. Ubao huu hauna tundu la skrubu mahali hapo, kwa hiyo kinguzo kinaugusa mgongoni na umeme unapotea njia.

"Kosa langu, tena la mwanafunzi," anasema akikifungua kwa koleo. "Lakini kukosea siyo kushindwa. Wifi, chomeka!"

Safari hii feni inavuma bila kukata pumzi. Kioo kinawaka, kinasitasita kama mzee aliyeulizwa umri, kisha picha ya zamani inatokea. Wifi anabonyeza, cherehani inakohoa, na sindano inaanza kuchora bawa la ndege kwenye kitambaa cha bluu. Wifi ameshika meza kwa mikono miwili kana kwamba itakimbia.

"Sasa yule wa chuma nitamwambia nini?" anauliza mumewe.

"Niachie mimi."

Mnunuzi anafika na mkokoteni uliojaa. Mama Waya anampita bila salamu ndefu, anauinamia mkokoteni na kuanza kupekua.

"Mama, nimekuja kununua mimi," mnunuzi analalamika.

"Leo unauza. Hii bodi umeitoa wapi? Na hii usithubutu kuipiga nyundo!"

Mpango wa Mama Waya sasa ni kupata chumba jirani kabisa na uwanja wa chuma chakavu, mlango ukiangalia lango, ili kila kompyuta inayopelekwa kuvunjwa ipite kwanza mikononi mwake.

"Nyundo haina haraka," anasema, mikono imejaa bodi. "Ipange foleni nyuma yangu."