Mguu wa Mbele wa Yadokari

Tarehe mosi Aprili 1985, Ikegaya Sumie, aliyekuwa bado Sano Sumie, jina lake la kabla ya ndoa, na mwenye umri wa miaka kumi na minane, aliajiriwa katika idara ya kufunga ya kiwanda cha modeli za plastiki mashariki mwa mji wa Shizuoka. Kiwanda hicho hakipo tena. Mahali pake pana duka la dawa na maegesho ya magari, na Sumie hununua hapo dawa ya mgongo ya mumewe.

Kazi ya idara ilikuwa kupanga ndani ya sanduku fremu zilizobeba vipande, juu yake mfuko wa springi na skrubu, kisha karatasi ya maelekezo, kisha kifuniko. Baada ya mwaka mmoja Sumie aliweza kuliinua sanduku kwa kiganja na kusema, bila mizani, kwamba fremu moja imesahaulika. Wanawake wa kufunga hawakuwa wakiunganisha modeli. Hakuna aliyewakataza, ila hakuna pia aliyewahi kufikiri kwamba wangependa.

Modeli aliyoifunga kwa wingi kuliko zote ni Yadokari. Hilo ni gari la mizigo la mwezini, lenye miguu minne na kontena kubwa mgongoni, lililotoka katika mchezo wa televisheni wa watoto ambao haukumaliza msimu. Jina lake ni la yule kaa anayetembea na gamba la kuazima. Juu ya sanduku mchoraji alilionyesha likivuka jabali, mguu wa mbele wa kushoto ukiwa hewani, mchanga ukidondoka kutoka kwenye wayo. Sumie aliuona mguu huo mara maelfu katika siku ndefu za kazi za majira ya baridi, na aliupenda.

Tabu ni kwamba kilichomo sandukuni hakikufanana na kilichochorwa juu yake. Miguu ilikuwa myembamba na mzigo ulikuwa mzito. Kila aliyeuinua ule mguu aliliona gari likianguka kifudifudi. Kwa karibu miaka arobaini watu waliliunganisha miguu yote ikiwa chini, au walificha waya ndani ya jabali la bandia na kuomba Mungu mtazamaji asiiname.

Sumie alianza kuunganisha akiwa na miaka hamsini, binti yake alipohamia Nagoya na meza ikabaki tupu chumbani. Alijiunga na chama kidogo cha mtaani, watu kumi na wawili, mwanamke yeye peke yake. Chama hicho kina desturi yake ya mwaka mpya: kila mtu huleta sanduku moja kutoka kwenye mlima wake wa masanduku nyumbani, lile analojua kwamba hatalifungua mpaka afe, na masanduku yote hugawanywa kwa kura; utakalopata ndilo utakaloliunganisha. Januari ya 2024 kura ya Sumie ilimpa Yadokari.

"Pole sana, Bi Sumie," alisema Warashina, fundi baiskeli, huku akimmiminia bia. "Wenzako wanafungua mwaka kwa baraka, wewe kwa kifungo."

"Kifungo cha nani? Nimeyafunga haya mpaka vidole vikaota sugu. Sasa ni zamu yake kunifanyia kazi."

"Haya, tutaliona likisimama kwa miguu yake minne."

"Kwa mitatu," alisema Sumie. "Kama kwenye picha. Na bila waya."

Meza nzima iliangua kicheko isipokuwa mwenyekiti, Mzee Hasuike Noboru. Huyu aliwahi kufanya kazi kiwanda kile kile, ghorofa ya chini, kwenye chuma na mafuta. Kalibu, yaani chuma kinachoumba plastiki, ya miguu ya Yadokari aliichonga yeye.

"Bi Sumie, picha ilichorwa kabla kalibu haijaisha," alisema taratibu. "Mchoraji alichora alichoota. Mimi nilipewa chuma na tarehe. Ule mguu hauinuki."

"Mwenyekiti, wewe uliuchonga. Uliwahi kuunganisha gari lenyewe?"

"Nafasi ningeipata wapi?"

"Basi tuonane Mei."

Mei ni maonyesho, ambapo vyama kutoka nchi nzima, na vingine kutoka ng'ambo, hupanga kazi zao kwenye ukumbi mkubwa. Chama chao hupata meza moja. Ncha ya meza, ile inayoelekea njia ya watu, huwekwa kazi moja tu, na kwa miaka yote ilikuwa ya wazee. Hasuike alikunywa kidogo, akaitua glasi.

"Likisimama, ncha ya meza ni yako. Lisiposimama, utaliweka miguu chini kama watu wenye adabu."

Sumie alianza kwa kuunganisha bila gundi, kwa vipande vya utepe, ili alione gari likiwa zima kabla ya kulifanya zima. Lilianguka. Aliliangusha tena mara nyingi kwa makusudi, akiangalia upande linakoelekea kwanza. Mkono uliokuwa ukipima masanduku ukamwambia kwamba uzito uko mbele mno na kushoto mno. Akafungua kontena na kuanza kupanga ndani yake chubwi za wavuvi, zile ndogo za risasi, nyuma na kulia, moja baada ya nyingine. Jioni moja ya Machi aliondoa kidole chake chini ya wayo wa kushoto, gari likabaki.

"Baba!" aliita. "Njoo uone, usikanyage kwa nguvu!"

Masanobu, mumewe, alikuja na soksi, akasimama mlangoni. "Linasimama," alikiri. "Mimi na mgongo huu siwezi."

Zikafuata gundi, msasa wa kutumia na maji, rangi. Plastiki ya zamani ilikuwa imekauka na kila mshono ulihitaji kujazwa. Rangi ya mwili aliichanganya mwenyewe, kijivu chenye umanjano kidogo, kwa sababu ile iliyoandikwa kwenye maelekezo haikuwa ile ya pichani, naye picha aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Mwisho wa Aprili ulibaki ule upakaji wa mwisho: rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa thina, inayopenya kwenye mifereji na kuipa kivuli. Katika chama kila mgeni hufundishwa jambo moja kuhusu rangi hiyo kabla hajapewa kiti. Viungo vya miguu ni vya plastiki nyingine, ngumu. Thina ikiingia humo wakati kiungo kimebeba uzito, kinapasuka. Kwa hiyo unavua miguu kwanza. Sumie mwenyewe alikuwa amewafundisha hivyo watu wawili.

Lakini chai ya kwanza ya mwaka haingoji mtu. Ndugu wote wa Masanobu walikuwa wameitwa mlimani kwa mavuno, na Masanobu alikuwa nje ndani ya gari lao, injini ikinguruma.

"Mama, majani yatakomaa ukiwa hapo na hiyo brashi!" alipaza sauti.

"Nakuja!"

Sumie alilipaka Yadokari rangi likiwa limesimama. Haraka ilikuwa sababu moja. Sababu ya pili, ambayo hakumficha mtu baadaye, ni kwamba alilipenda mno likiwa vile, mguu juu, na hakutaka kulivua.

Alirudi baada ya siku mbili, nguo zikinukia majani yaliyopigwa mvuke. Yadokari lilikuwa kifudifudi mezani. Nyonga ya nyuma ya kulia, iliyobeba uzito kuliko zote, ilikuwa imepasuka vipande vitatu.

Alivipeleka chamani ndani ya kikombe cha chai. Warashina alichungulia, akatikisa kichwa.

"Usilie, Bi Sumie. Lipake matope, litoboe matundu, weka moshi wa pamba. Sema limepigwa vitani. Watu watapanga foleni."

"Halikupigwa vitani. Nimelipiga mimi."

"Sasa nani atajua?"

"Wewe unajua. Nitakutazama siku mbili nzima ukitabasamu pale mezani? Siwezi."

Hasuike aligeuza kipande kimoja chini ya taa. "Nina waya mwembamba sana wa chuma," alisema, na sauti yake haikuwa ya kejeli. "Hauonekani."

"Asante, Mwenyekiti. Ukae nao."

Nyonga ya kubadilisha haikuwepo popote, kwa hiyo aliitengeneza. Alikata vibamba vya plastiki nyeupe, akavigandisha kimoja juu ya kingine mpaka vikawa kipande kimoja, akangoja kikauke sawasawa, akakichonga kwa tupa. Alipokuwa akikipima kwenye kiuno cha gari aligundua jambo. Ile nyonga ya kiwandani ilikuwa imeuleta mguu ndani kidogo, pengine ili kalibu ifunguke kwa urahisi. Akaichonga ya kwake ikaelekea nje, kwa unene wa ukucha. Wayo ukatua mbali zaidi. Gari, ambalo zamani lilisimama kama mtu aliyezuia pumzi, sasa lilisimama kama mtu anayengoja basi.

Safari hii alivua miguu yote kabla ya kupaka rangi nyeusi.

Asubuhi ya Jumamosi ya maonyesho, kabla milango haijafunguliwa, alilitua Yadokari kwenye ncha ya meza. Hakuweka jabali wala mchanga. Chini yake palikuwa na ubao mtupu, ili anayetaka kuinama ainame. Hasuike aliinama. Alivua miwani, akaivaa, akapitisha karatasi chini ya wayo ulioinuliwa, ikatokea upande wa pili. Kisha akapiga meza kwa ngumi, kwa kuwa watu watakaopita wangeitikisa vilevile. Gari lilitetemeka, likatulia.

Akarudi kuinama, sasa upande wa nyuma.

"Hii nyonga si yangu," alisema.

"Si yako. Ni yangu."

"Umeitoa nje."

"Unene wa ukucha."

Mzee aliinuka taratibu. "Ningepewa wiki mbili zaidi," alisema, "na mimi ningeitoa nje." Halafu akawageukia wengine, waliokuwa wakijifanya wanapanga vibao vya majina. "Nyinyi, sogezeni hizo ndege zenu. Mnambana Bi Sumie."

"Hata mimi?" aliuliza Warashina.

"Wewe hasa, bwana wa moshi wa pamba."

Milango ilifunguliwa. Kufikia adhuhuri watu wa chama kutoka Kyushu walikuwa wamekuja kuinama mara tatu, na mmoja wao, mwenye mvi, aliuliza waya umefichwa wapi. Sumie alisimama nyuma ya meza, mikono mgongoni, bila haraka ya kujibu.

"Tafuta," alimwambia. "Ukiupata, gari ni lako."

Kesho jioni maonyesho yatafungwa. Sumie atatia gari sandukuni mwenyewe, chini ya picha ile ile, na ataanza kwa kuuzungushia pamba mguu wa mbele wa kushoto.